Mkeka mnene unaniumiza mikono: ninunue seti nzima ya yoga?

*"Asalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 47, fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nakaa kwenye mashine tangu asubuhi hadi magharibi, na siku hizi mgongo wa chini unakaza, nikiinuka natembea nimepinda. Binti wa dada yangu alinionyesha video za yoga kwenye simu, nikaanza kufanya sebuleni baada ya swala ya alfajiri. Nilianza na mkeka wa ukili, ukawa unateleza juu ya marumaru. Nikanunua mkeka wa sponji, mnene kama kidole gumba, nikidhani magoti yatapona. Kweli magoti hayaumi tena, lakini sasa vifundo vya mikono vinauma, na nikisimama kwa mguu mmoja nayumba. Kuna duka la mtandaoni la Dar linauza seti: mkeka, matofali mawili, mkanda, mto mrefu na gurudumu, shilingi 280,000. Mume wangu anasema ni kutupa pesa, wazee wetu walinyoosha viungo bila hayo yote. Nina presha pia, natumia vidonge. Je, ninunue? Kipi hasa ni cha lazima? Na ule mkeka mnene ndiyo basi?"*

Waaleikum salaam, dada yangu. Seti usinunue. Katika vitu vitano ulivyovitaja, cha kutoa pesa dukani ni kimoja tu, mkeka, tena uwe mwembamba na mgumu kuliko huo ulionao. Mkanda na mto mrefu utashona mwenyewe, na utavishona vizuri kuliko vya dukani. Matofali utampa kazi seremala. Gurudumu, lile la kuviringishia mgongo, halikuhusu kwa sasa. Mkeka mnene usiutupe, tutaupatia kazi. Kwa hiyo mumeo ana haki upande mmoja, ingawa upande wa pili sikubaliani naye, na nitaeleza kwa nini.

Kifaa cha yoga kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia mkono au mguu usiteleze pale ulipouweka. Ya pili ni kujaza nafasi iliyobaki kati ya mwili wako na sakafu, ili usilazimike kupinda mahali pasipostahili kupinda. Kitu chochote kinachofanya kazi hizo ni kifaa, hata kama kimetoka jikoni. Na kitu chochote kisichozifanya ni pambo, hata kikiwa na bei kubwa. Ukiwa na kipimo hicho mkononi, sehemu kubwa ya matangazo unayoyaona kwenye simu itakupita bila kukusumbua.

Tuanze na hapo unapoumia. Watu wengi huamini kwamba mkeka ukiwa mnene ndiyo unalinda zaidi. Kwa magoti ni kweli, maana goti linapobanwa kati ya uzito wako na sakafu ngumu linahitaji kitu laini chini yake. Lakini kiganja hakifanyi kazi kama goti. Ukipiga magoti na kuweka viganja chini, au ukikaa ule mkao wa kunyooka kama unataka kupiga pushapu, kifundo cha mkono tayari kimekunjwa karibu nyuzi 90, na uzito mwingi unashukia kwenye kitako cha kiganja, pale karibu na kifundo. Juu ya sponji nene kitako hicho kinazama na vidole vinabaki juu. Umewahi kutembea kwenye mchanga laini pale Raskazone ukaona kisigino kinavyozama kabla ya vidole? Mkono wako unafanyiwa hivyohivyo, mara kadhaa kila alfajiri. Kifundo kinakunjwa kupita pale kilipozoea, na kano na mishipa inayopita humo inabanwa.

Kuyumba kwako nako kunatoka hapohapo. Mguu hujua umesimama vipi kwa kuisikia sakafu: mgandamizo wa kisigino, wa kidole gumba, wa ukingo wa nje. Ubongo unapokea habari hizo na kurekebisha misuli ya kifundo cha mguu bila wewe kujua. Ukiweka sponji ya sentimita moja na nusu katikati, habari zinafika zimefifia, na kila unaporekebisha sponji nayo inahama. Usidhani umezeeka au huna mizani. Shuka kwenye sakafu tupu, karibu na ukuta, ujaribu mguu mmoja. Naamini utaona tofauti siku hiyohiyo.

Mikeka hiyo minene imetengenezwa kwa mazoezi ya kulala chini, ya tumbo na ya kunyoosha misuli, na kwa hayo ni mizuri. Kwa hiyo wako utumie unapolala chali kumaliza mazoezi. Au, kama huuonei huruma, kata kipande cha sentimita 30 kwa 60, ukunje mara mbili, kiwe kitu cha kuweka chini ya goti tu, mikono na miguu ibaki mahali pagumu. Kanga iliyokunjwa mara nne hufanya kazi hiyohiyo, ila huteleza zaidi.

Sasa mkeka wa ukili. Nauheshimu, na kwa kulala chali katika joto la Tanga hakuna kinachoushinda, maana hewa inapita na mgongo hauloi. Tatizo lake ni kwamba miyaa ni laini pande zote mbili: mkeka unateleza juu ya marumaru, na mguu unateleza juu ya mkeka. Ndiyo kuteleza mara mbili. Juu ya saruji isiyong'arishwa mambo ni nafuu kidogo. Na kwa kuwa uko Tanga najua kuna mtu atakuambia, "na mkonge je?" Mji huu umeishi na mkonge tangu Wajerumani waulete mwaka 1893, na zulia la mkonge kweli halitelezi, lakini litakuchuna magoti na viganja. Kamba yake nayo inakwaruza ngozi ukiivuta kwa mguu mtupu. Uache kwenye magunia. Mswala wako pia uache kwa swala, hata kama ni mzito. Jasho la miguu litauchafua bure.

Kabla hujatoa shilingi, angalia sakafu yako. Kama una chumba au ukumbi wenye saruji ya kawaida, kavu, isiyo na vumbi, mikao yote ya kusimama unaweza kuifanya juu yake bila mkeka, miguu mitupu. Ngozi kavu inashika saruji vizuri. Marumaru ni habari nyingine, hasa alfajiri wakati wa masika ambapo sakafu yenyewe hutoa jasho. Na kuna jambo moja dogo ambalo video hazitakuambia kwa sababu wanaozirekodi hawaishi pwani: mafuta ya nazi. Ukijipaka mwili kisha ukapanda kwenye mkeka, hata uwe wa bei gani utateleza. Nawa viganja na nyayo kwa sabuni kwanza, ujifute, halafu mafuta yapakwe baada ya mazoezi na kuoga.

Mkeka wa kununua, basi. Unene wa milimita 4 hadi 6 unatosha kwa mtu wa hali yako. Chini ya hapo magoti yatalalamika, juu ya hapo tunarudi kulekule. Urefu wa kawaida ni sentimita 173 na upana 61. Ipo pia ya 183 kwa warefu. Lala juu yake hapohapo dukani: kisogo na visigino vyote vikiwa ndani, umefaa.

Malighafi ndiyo inayowachanganya wengi. Mikeka ya bei ya chini na ya kati mara nyingi ni ya plastiki ya PVC. Harufu yake mwanzoni inakera, na ikichakaa ni taka isiyooza, hilo sikufichi. Lakini inashika, inadumu, na inasafishika kwa kitambaa chenye maji. Ya TPE, aina nyingine ya plastiki laini kama mpira, ni mepesi na haina harufu kali, ila kucha na jua huimaliza mapema. Ya mpira wa asili inashika kuliko zote, na watu wanaofanya yoga kila siku huipenda, lakini ni mizito, ni ghali, na ina maadui wawili ambao kwetu hawakosekani: jua na mafuta. Jua huufanya mpira ukauke na kupasuka, mafuta huulegeza. Na mwenye mzio wa mpira, yule anayewashwa na glavu au puto, asiuguse kabisa. Kuna pia wa koki, yaani lile gome la mti la kuzibia chupa, juu na mpira chini. Huo ukilowa jasho ndiyo unashika zaidi, ni kitu kizuri, lakini sioni sababu ya fundi anayeanza kuutafuta.

Kwa Tanga, na kwa kipato cha cherehani, mimi ningechukua PVC ya milimita 5 yenye uso usionyonya maji. Mikeka inayonyonya jasho hushika vizuri mwanzoni, lakini kwa unyevu wa pwani yetu haikauki upesi, na mkeka usiokauka huota ukungu na kunuka. Usoni mwa mkeka usionyonya utateleza kidogo ukitoka jasho jingi. Tandika taulo nyembamba ya pamba pale mikono inapokaa, ilowe kidogo tu, itashika.

Ukifika dukani usiridhike kuutazama kwenye plastiki yake. Omba ukunjuliwe chini. Bonyeza kwa kidole gumba: kikizama hadi ukahisi sakafu kirahisi, au kikiacha shimo linalochelewa kurudi, huo ni sponji nyingine. Halafu piga magoti, weka viganja mbele yako na uvisukume kama unayetaka kuuchana mkeka katikati. Usiteleze wewe juu yake, na wenyewe usivutike wala kutengeneza mikunjo. Fanya hivyohivyo kwa nyayo. Muuzaji atakucheka, mwache acheke. Duka la mtandaoni haliwezi kukupa nafasi hiyo, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kukukataza seti: unalipia vitu vitano kwa kuona picha, na kile kimoja chenye umuhimu ndicho ambacho ndani ya seti huwa hafifu zaidi.

Sasa nije kwa mumeo. Wazee walinyoosha viungo bila vifaa, ni kweli, lakini wazee walichuchumaa tangu utotoni, walilima, walitembea, na hawakukaa saa nyingi wameinamia sindano. Mwili wako umezoea kiti. Misuli ya nyuma ya mapaja inashikilia chini ya fupanyonga, kwenye ile mifupa miwili unayoikalia. Ukikaa chini na kunyoosha miguu, misuli hiyo iliyokaza inavuta mifupa hiyo kuelekea magotini, nyonga inapinduka kurudi nyuma, na mgongo wa chini, usipokuwa na pa kwenda, unapinda kwa nje. Halafu mwalimu wa kwenye simu anasema "shika vidole vya miguu". Unajitahidi, unavifikia, na umevifikia kwa kuupinda zaidi mgongo uleule uliokuja kuutibu.

Hapo ndipo kifaa kinapoingia. Kunja blanketi mpaka liwe na kimo cha sentimita 8 hadi 10, ukalie ukingo wake. Nyonga ikiinuka juu kidogo ya magoti inapata nafasi ya kuinamia mbele, na mgongo unanyooka wenyewe. Mkanda ukiuzungusha nyayoni unakuongezea urefu wa mkono, hivyo unavuta bila kujikunja. Tofali chini ya kiganja unapoinama upande linaileta sakafu juu pale mkono wako unapofika leo.

Wengi huona aibu kutumia vitu hivi, wakidhani ni vya wagonjwa au wasiojua. Aliyevieneza duniani ni B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Wanafunzi wake walitumia viti, kamba za ukutani, matofali ya mbao na mablanketi, na yeye mwenyewe alivitumia uzeeni. Na hiyo mikeka ya mpira tunayoiona kama ndiyo yoga yenyewe ni kitu cha nusu ya pili ya karne ya 20. Kabla yake watu walitandika kitambaa cha pamba au walifanya chini.

Mkanda ni kazi ya robo saa kwako. Nunua ule utepe mgumu wa kushonea mabegi, wa pamba ukiupata, upana wa sentimita 3 hadi 4, urefu mita 2.4. Nailoni pia inafaa, ila huteleza mkononi na kingo zake hukata ngozi. Tafuta pete mbili za chuma zenye umbo la D zinazolingana na upana wa utepe. Ingiza zote mbili kwenye ncha moja, kunja ncha sentimita 6, shona mraba na alama ya X katikati, rudia mara mbili kwa uzi mzito. Ncha ya pili ikunje uipige mshono isifumuke. Kuufunga, pitisha ncha ndani ya pete zote mbili, kisha irudishe kupitia moja tu. Ukivuta unajibana, ukiinua pete unalegea. Wakati unasubiri, mkanda wa gauni la kuogea kutoka mitumbani unatosha.

Mto mrefu ni kazi ya jioni moja. Kwa mto wa kipenyo cha sentimita 24 na urefu wa 68, kata kipande cha 79 kwa 71, na duara mbili za kipenyo cha 27. Hapo nimekuachia sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Zipu iende ubavuni kwa urefu. Tumia kitambaa kizito, kaki au kitambaa cha viti. Kitenge kitapasuka mishononi. Shona mifuko miwili, wa ndani wa kushika kijazo na wa nje wa kufua.

Kijazo ndicho kinachofanya mto uwe mto. Usufi ni mzuri, mwepesi, na wa kwetu, lakini kwa kazi hii lazima uushindilie hasa, kuliko mto wa kulalia, vinginevyo baada ya wiki chache utakuwa bapa kama chapati. Mfuko wake wa ndani uwe wa kusokotwa kwa karibu, maana usufi hupenya na kukohoza, na kama nyumbani kuna mwenye pumu uache kabisa. Kwako wewe naona kilicho bora zaidi kimelala chini ya mashine yako: mabaki ya vitambaa. Yakate madogo, yajaze kwa tabaka ukisukuma kwa ngumi mpaka pembe za duara zinyooke. Mto utakuwa mzito, wa kilo kadhaa, na uzito huo ni faida kwa sababu hautahama unapoulalia. Ukiuweka chini ya magoti ukiwa chali, mgongo wa chini unapumzika. Baada ya siku ya kushona, dakika 10 za mkao huo zitakusaidia kuliko mikao mingi ya kwenye video.

Matofali ya dukani huwa ya povu au koki, takriban sentimita 23 kwa 15 kwa 10. Ya povu jepesi hubonyea na kuyumba ukiyasimamisha wima. Kwa seremala mwambie hivi: ubao wa inchi mbili kwa sita, vipande vinne vya urefu wa inchi tisa. Aviunganishe viwili viwili kwa gundi ya mbao, abane mpaka zikauke. Umepata matofali mawili kwa futi tatu za ubao, na mara nyingi futi tatu hizo ni mabaki yaliyolala pembeni mwa karakana. Kingo zote azipige randa ziwe za mviringo, kisha msasa. Vanishi asipake, inateleza. Tofali la mbao lina uzito unaokaribia kilo mbili, kwa hiyo haliyumbi, lakini pia likiangukia kidole utalia, na usililalie mgongoni kama wanavyofanya kwenye video. Kwa hilo tumia blanketi. Matofali ya ujenzi usiyaingize ndani, yanamong'onyoka na kukwaruza.

Kuna vifaa viwili ambavyo tayari unavyo na sikusikia ukivitaja. Kimoja ni ukuta. Badala ya ule mkao wa viganja na nyayo chini, makalio juu, kichwa kikining'inia, simama mbele ya ukuta, weka viganja usawa wa nyonga, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mwili utengeneze pembe mraba. Mgongo unanyooshwa vilevile, mapaja yanavutwa vilevile, kifundo cha mkono hakibebi uzito, na kichwa hakiko chini ya moyo. Kwa mwenye presha na vifundo vinavyouma, mkao huu ningeuchukua leo na kuuacha ule mwingine mpaka hapo baadaye. Kifaa cha pili ni kiti, lakini siyo cha plastiki. Juu ya marumaru miguu yake hutanuka na kuteleza. Cha mbao chenye miguu minne imara, kimeegemezwa ukutani.

Utunzaji ni mfupi. Mkeka wa yoga ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uutundike kivulini barazani hadi ukauke pande zote, ndipo uukunje. Jua kali usiuanikie. Mto na mablanketi ni kinyume: hayo yatoe juani kila unapopata nafasi, hasa masika.

Mavazi hukuuliza, ila nikuonye tu: dera linanasa vidoleni unapobadilisha mguu. Vaa suruali pana ndani, na dera lifunge kiunoni. Na kama kuna wanaokusema kuhusu dini, ujue wanazuoni wenyewe wamehitilafiana. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza yoga kwa Waislamu mwaka 2008, Saudi Arabia ikaikubali kama shughuli ya michezo mwaka 2017. Mikao na pumzi unaweza kuifanya bila maneno wala alama yoyote ya ibada. Zaidi ya hapo muulize sheikh unayemwamini, siyo mimi.

Sasa yale ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Nimelaumu mkeka wako, lakini wewe ni fundi wa mkasi na sindano, na mikono ya mafundi huumia kwa sababu nyingine pia. Kama unaamka usiku mkono una ganzi, au dole gumba, cha shahada na cha kati vinafanya kama vinachomwachomwa, au sindano inakudondoka, kuna uwezekano mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo unabanwa. Hilo mkeka mwembamba hautaliondoa. Acha kabisa kuegemea viganja, nenda hospitali, pale Bombo au kwingine, uulizie fiziotherapia. Nenda hata bila ganzi, iwapo maumivu hayajapungua baada ya wiki mbili tatu za kuacha sponji.

Mgongo unaokaza jioni na kulegea ukitembea siuogopi sana. Ninaouogopa ni ule unaoshuka mguuni pamoja na udhaifu au ganzi, unaokuamsha usiku bila kujali umelala vipi, unaokuja na homa au kukonda, au ulioanza baada ya kuanguka. Huo upimwe haraka. Na ukishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, usisubiri kesho, nenda siku hiyohiyo.

Kuhusu presha, kabla ya kuendelea pima, umweleze daktari wako aina ya mazoezi unayofanya. Akikuambia iko vizuri, endelea kwa masharti haya: usibane pumzi katika mkao wowote, kwa sababu kubana pumzi huku ukikaza misuli hupandisha presha ghafla, usijaribu mikao ya kichwa chini miguu juu, na ukitoka kulala chini, geuka ubavu, kaa kidogo, ndipo usimame, maana baadhi ya vidonge huleta kizunguzungu mtu akiinuka upesi. Kama uliwahi kuambiwa una presha ya macho, mtajie na hilo. Ukisikia kifua kubana, kichwa kuuma ghafla au macho kufifia, acha hapo na uende hospitali. Vidonge usivipunguze kwa sababu umeanza kujisikia mwepesi. Akivipunguza, avipunguze daktari baada ya kukupima.